Kiboko na Kizibo cha Bwawa

Mpo?
Tupo!
Mmekaa?
Tumekaa!
Nikiongopa?
Tutakuvumilia!
Na nikisema kweli?
Tutashangaa!

Basi shangaeni.

Palikuwa na marafiki watatu wa Ziwa Jipe: Pimbi, Kanga na Kiboko. Pimbi alikuwa mdogo, anakaa kwenye nyufa za mawe. Kanga alikuwa na maneno mengi. Kiboko alikuwa Kiboko. Rafiki yao wa nne, Mama Mbayuwayu, kila mwaka alifunga safari akaenda zake mbali, Italia mashambani, kwenye jumba moja la mawe alikojenga kiota. Mwaka huo akawaambia, "Wenye jumba hawapo msimu huu. Njooni tupumzike pamoja."

Wakaenda. Walivukaje bahari? Muulizeni Kanga, hadi leo hajamaliza kulalamika.

Asubuhi ya kwanza Pimbi alitoka barazani na tini mdomoni, akasahau kutafuna. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni kama maziwa kwenye kibuyu. Juu ya ukungu vilichomoza vilima, kimoja nyuma ya kingine, na juu ya vilima miberoshi mirefu, myembamba, imesimama mstari kama inayomngoja mgeni. Kengele ikalia kutoka kijiji asichokiona: ng'ooong! Ng'ooong! Jua likapanda, ukungu ukapasuka, na chini kukatokea mizabibu, mistari kwa mistari, mpaka macho yakachoka.

"Mama Mbayuwayu," Pimbi akanong'ona, "na haya yote ni ya nani?"

"Ni ya anayetazama," akajibu Mbayuwayu kutoka kiotani. Kiota kilikuwa juu ya nguzo ya baraza, na ndani yake vifaranga vinne, midomo wazi: chiii! Chiii! "Hata hawa wangu wataona. Manyoya bado kidogo tu yakomae."

Lakini Kiboko hakutazama vilima. Kiboko alitazama vitu.

Aliona kitanda kikubwa chenye mashuka meupe. Akasema, "Mimi ni mkubwa, hiki changu." Akalala, kitanda kikalia kwaaa! Pimbi na Kanga wakalala sakafuni.

Aliona meza yenye jibini, tini na matikiti. Akasema, "Mimi ni mkubwa, hii yangu." Akala, nyam, nyam, nyam. Pimbi na Kanga wakalamba maganda.

Aliona bwawa la kuogelea mbele ya baraza, maji ya buluu yametulia. Akasema, "Mimi ni mkubwa, hili langu." Akajitosa, pwaaa! Nusu ya maji ikamwagika nje, iliyobaki akaikalia. Jua likiwa kali hivyo, wenzake hawakupata hata pa kuchovya kidole.

Siku moja mchana, Kiboko akatoa kichwa majini.

"Hao watoto wananipigia kelele," akasema.

"Wana njaa," akasema Mama Mbayuwayu.

"Na mimi nina usingizi. Nikiamka nikiwasikia tena, nitaiegemea hiyo nguzo. Tuone kiota kitakaa juu ya nini."

Akafumba macho. Mama Mbayuwayu akatanua mabawa juu ya wanawe.

Pimbi alitazama nguzo. Alimtazama Kiboko. Akatazama kizibo kwenye sakafu ya bwawa, na mnyororo wake. Kisha akaenda ukingoni, akalaza sikio chini, akaanza kucheka peke yake.

Kiboko akafumbua jicho moja. "We Pimbi, unasikiliza nini?"

"Si kitu, mkubwa. Maji tu."

"Maji gani? Maji yote ninayo mimi."

"Ndiyo, mkubwa. Haya ya wageni unayo."

Kiboko akafumbua jicho la pili. "Ya wageni? Kwani kuna mengine?"

"Nimeahidi sitasema."

"Sema!"

Pimbi akashusha sauti. "Kuna bwawa la wenyewe, chini ya hicho kizibo. Kubwa, baridi, lina majani laini pande zote. Hili la juu ni la kunawia miguu. Lakini mkubwa, lile si la kila mtu."

"Mimi ni mkubwa," akanguruma Kiboko, "na lile langu!"

Akazamisha kichwa, akauma mnyororo, akavuta. Mpoo! Gulu, gulu, gulu! Maji yakazunguka, yakaingia tunduni, yakateremkia shamba la alizeti bondeni. Kiboko akabaki kwenye sakafu kavu, akichungulia kitundu kisichoingia hata ngumi ya Pimbi.

"Bwawa liko wapi?"

"Labda limekuona, limejificha."

Kiboko akaukimbilia ukuta. Srrrr! Puu! Ukuta ulikuwa laini kama sahani. Akajaribu tena. Srrrr! Puu! Jua la saa saba likamkalia mgongoni, ngozi ikaanza kumvuta.

"Pimbi! Naungua!"

Pimbi alimtazama, na moyo ukamuuma. Huyu ndiye aliyemvusha mgongoni wakati wa mafuriko kule Ziwa Jipe. Machozi yakamlenga. Hata hivyo hakukimbilia bomba la kujazia bwawa.

"Kitanda?" akauliza.

"Cha wote!"

"Meza?"

"Ya wote!"

"Bwawa?"

"La wote, ndugu yangu, la wote!"

"Na kiota?"

Kiboko akanyamaza. Jua halikunyamaza. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Cha mwenyewe."

"Rudisha kizibo," akasema Pimbi, na Kanga akafungulia bomba. Chururuuu! Maji yakapanda taratibu, yakamfika Kiboko magotini, tumboni, yakamwinua. Alasiri ilipofika, macho yake yalitokeza juu ya ukingo. Siku zote alikuwa amelala bwawani akiupa ukuta wa jumba uso. Sasa maji yalikuwa yamemgeuza.

Akaona bonde. Akaona vilima vimekuwa vya dhahabu, na alizeti zilizokunywa maji yake zimeinua shingo, shamba zima.

Hapo kifaranga cha kwanza kikajitupa kutoka kiotani. Kikaanguka, kikaanguka, prrr! kikashika hewa, kikapita juu ya pua ya Kiboko. Cha pili, prrr! Cha tatu, prrr! Cha nne kikasita. Kiboko akaacha hata kupumua. Prrr! Na chenyewe kikaenda, juu ya mizabibu, kikawa nukta, kikawa anga.

Wote wanne wakawafuata kwa macho. Kisha Kiboko akasema, polepole, "Pimbi, njoo ukae kichwani pangu. Kutoka hapo utawaona vizuri zaidi."

Basi ngano hii inafundisha nini? Inatufundisha tusiseme uongo, wanangu, hata kidogo. Pimbi alisema uongo, na mmeona yaliyompata: akalala kitandani, akala tini akashiba, akaoga, na watoto wa mwenzake wakaruka salama. Maskini Pimbi! Msimuige.

Ngano imefika, mate yamekauka. Aliyecheka aende na kicheko chake. Aliyesinzia, mwenzake ambebe.