Minyaa ya Mzee Shekivuli

Mvuta mpaka huvuta na barabara. Methali hiyo mmeisikia asubuhi kwa mama yenu, alipokuwa akimsema jirani anayesogeza ua wake, mkacheka. Sasa mnaniuliza imetoka wapi. Kaeni, na wewe Hoza acha kuchezea mkaa. Chanzo chake nilikiona kwa macho yangu haya.

Mtaa wetu wa Mabanzini na mtaa wa Bondeni ilitenganishwa na korongo. Huku sisi, ng'ambo wao, na huko ng'ambo kandokando ya korongo palikuwa na eneo wazi ambako watu wa Bondeni walipanda mihogo. Hakuna aliyegombana na mtu. Kisha zikaja habari kwamba mji utapangwa, kila mtaa uwe na mipaka yake kwenye ramani. Hapo ndipo watu walipoingiwa na tamaa.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Shekivuli. Mtu wa watu kweli, akikusalimia unajiona mkubwa, lakini kwa ardhi, wajukuu zangu, hakuwa na haya hata chembe. Alivuka korongo mchana kweupe na vijana wake, wakakata matawi ya minyaa na kuyachomeka katikati ya mihogo ya watu. Minyaa mnaijua, haina masharti, popote ukiichomeka inashika. Haikupita miaka mingi ua ukasimama kama uliopandwa na mababu. Na ili pasiwe na wa kuuliza, akajenga nyumba palepale, ubavuni mwa ule ua, akamweka binti yake Mwantumu, aliyekuwa amerudi nyumbani na watoto baada ya kufiwa na mumewe.

Mwantumu hakupenda. Nilikuwa naye siku tunasiriba kuta, nikamsikia akimwambia, "Baba, hapa si petu."

"Ukishalala ukaamka, ni pako," mzee akamjibu, na habari ikaishia hapo.

Angefanya nini? Mjane, watoto wanamtazama yeye. Ile ndiyo nyumba pekee aliyokuwa nayo duniani.

Siku ya wapangaji wa mji kuja, mitaa yote miwili ilihamia kwenye ule ua. Alikuja mama mmoja wa makamo, mpole, na vijana wawili wa kupima. Akauliza mpaka wetu ni upi. Mzee Singano, mwenyekiti wa Bondeni, akaonyesha korongo. Mzee Shekivuli akaonyesha minyaa. Basi ikawa zogo, huyu anamkana huyu, mpaka yule mama akafunga kalamu yake na kusema hatapima kitu kama hatujapatana.

Sasa kwetu kulikuwa na desturi. Watu wakishindwana juu ya mpaka, mzee mmoja hujitwika donge la udongo kichwani, akatembea kimya juu ya mpaka anaoujua, toka mwanzo hadi mwisho. Akishafanya hivyo hapingwi na mtu, na yeye mwenyewe hawezi tena kubadili neno lake. Ndiyo maana udongo ulibebwa na mkweli tu. Kuubeba kwa uongo ni jambo ambalo hata mlevi hakulifanya.

Mzee Shekivuli akainama, akachimbua donge, akajitwika. Sisi wa Mabanzini tulijua ukweli, wote, na tukamwacha. Nilimwona mama mmoja wa kwetu akijifunika uso kwa kanga. Mzee akatembea kando ya minyaa kuanzia chini mpaka juu, kisha akasimama mbele ya yule mama, donge likiwa kichwani. Watu wa Bondeni, desturi ikiwafunga, hawakupinga tena.

"Haya," yule mama akasema, "mmepatana. Basi barabara kubwa itapita hapa."

"Hapa wapi?" Mzee Shekivuli akauliza.

"Juu ya mpaka. Ndivyo tulivyopanga kwa kila mtaa, ili kila upande utoe ardhi sawa na asiwepo wa kulalamika." Akanyoosha mkono wa kushoto, kwa Bondeni, palipokuwa na mihogo mitupu. Akanyoosha wa kulia, kwetu. Palikuwa na nyumba ya Mwantumu, na Mwantumu mwenyewe amesimama mlangoni, sufuria mkononi.

Mzee alisahau hata kulitua lile donge. Likaanza kumegeka, udongo unamtiririka usoni, naye hapangusi. Akamgeukia Singano.

"Ndugu yangu, si wewe uliyesema ni korongo? Hebu mwambie tena."

Mzee Singano naye alikuwa amepigwa na butwaa.

"Nilisema, mwenyekiti, na hata kesho nitasema. Lakini udongo uliojitwika mwenyewe, mimi siwezi kukutua."

Wale vijana wa kupima wakapaka alama nyekundu ya X ukutani, kwenye udongo tuliousiriba mimi na Mwantumu. Mwantumu aliweka sufuria chini, akamwendea baba yake. Nilidhani atamlaani. Alishika pembe ya kanga yake akampangusa uso, taratibu, kama anavyopanguswa mtoto.

"Baba," akasema, "umeuvuta mpaka, umekuja na barabara."

Akarudi ndani kuanza kutoa vyombo. Mzee Shekivuli akaketi chini palepale kwenye mihogo ya watu, akalia mbele ya mitaa yote miwili. Nasi tulionyamaza wakati anajitwika, tukamfuata Mwantumu kubeba vyombo.

Mnaijua ile barabara mnayovuka kwenda sokoni, pale wanaposimama wauza mahindi ya kuchoma? Hapo ndipo Mwantumu alipokuwa akiwalaza wanawe. Basi mkimsikia tena mama yenu, msicheke. Mvuta mpaka huvuta na barabara.