Nderema ya Ua wa Bafu

Ivushayo ni mbovu, walisema wahenga, wala hawakuwa wakiusifu ubovu. Walikuwa wakimwonya yule anayesimama ukingoni akikitukana chombo chenye viraka, ilhali ndicho pekee kilichopo, naye ng'ambo anataka kufika.

Palikuwa na mwanamke aliyepika shuleni miaka ishirini na sita, mpaka jina lake likasahaulika akabaki kuitwa Mpishi. Alipostaafu aliishi katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, yeye na wifi yake, dada wa huyo marehemu, ambaye naye alifiwa na mume. Wajane hao wawili walikuwa kama ulimi na meno: hawaachani, na hawakosi kuumana.

Uwanja wa nyuma waliugawana. Upande wa Mpishi matuta yalinyooka kama mistari ya daftari, yamepandwa kabichi na saladi, mbegu za pakiti zenye picha nzuri. Upande wa wifi palikuwa na bafu la mabati, na juu ya ua wake ilitambaa nderema, mboga yenye majani manene yanayoteleza mdomoni kama bamia.

"Wifi, hiyo mboga yako inaingia tumboni bila hodi," Mpishi alizoea kusema. "Mtu hata hajatafuna, imeshafika."

"Na kabichi yako je? Mwaka wa tatu huu naisubiri ifunge. Imekunjua mikono tu, kama inaomba dua."

"Itafunga kwa uwezo wa Mungu."

"Mungu ameshakujibu, wifi. Hujapenda jibu."

Mwaka huo mkwe wao, mke wa mtoto pekee wa Mpishi, alikuja kukaa nao akiwa na mimba ya miezi sita, kwa kuwa mumewe alikuwa kazini mbali. Kliniki, mkunga alimfunua kope, akampima damu, akatikisa kichwa.

"Damu ni kidogo. Vidonge hivi umeze kila siku, na mboga za majani zisikosekane kwenye sahani. Baada ya wiki sita nitapima tena. Isipopanda, kujifungua kwako kutakuwa kwa hatari."

Mpishi akaweka mkono kifuani. "Mboga niachie mimi. Nimelisha watoto mia nne, nitashindwa na mmoja?"

Lakini joto la msimu ule halikujua heshima. Hewa ilikuwa nzito kama blanketi lililolowa. Nguo zilizoanikwa asubuhi zilianuliwa jioni zikiwa bado na unyevu. Saladi zilirefuka ghafla, zikatoa maua, majani yakawa machungu kama dawa. Mpishi alizifunika kabichi kwa magunia na kuzimwagilia mchana kutwa, asijue kwamba maji yale na joto lile ndivyo vilivyokuwa vikiziozesha. Alipofunua gunia siku ya tano, alikuta mioyo ya kabichi imegeuka uji mweusi. Huko sokoni nako mboga zilikuwa zikiletwa kwa lori kutoka nchi ya baridi, na mvua ilikuwa imeikata barabara.

Wiki mbili mkwe alikula wali na maharage bila kulalamika. Asubuhi moja Mpishi alimwona akiinuka kitini, akashika ukuta, akafumba macho, akangoja dunia itulie.

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, alichukua kisu akanyata hadi kwenye ua wa bafu kama mwizi wa kuku. Alikata nderema konzi mbili, akazikatakata ndogondogo zisitambulike, akaziunga kwa kitunguu na karanga. Afadhali kuiba kuliko kuomba na kuchekwa.

Mchana wakakaa watatu kula.

"Mama, hii mboga gani?" mkwe akauliza. "Tamu, nimeipenda."

"Mboga tu, mwanangu. Kula."

Wifi alitafuna polepole, akamtazama Mpishi, akasema tu, "Chumvi imekaa sawa."

Ikawa hivyo kila siku. Kadiri Mpishi alivyokata, ndivyo nderema ilivyochipua, kana kwamba joto lile lilikuwa maziwa yake. Majani ya chini yalipokwisha alihangaika, kwa maana bega lake bovu halikumruhusu kufikia ya juu. Siku iliyofuata alikuta matawi ya juu yameteremshwa na kufungwa kwa kamba, usawa wa kifua chake. Alisimama akiyatazama. Mara akasikia kikohozi. Wifi alikuwa nyuma ya bafu, vipande vya kamba mkononi.

"Kumbe unajua," Mpishi akasema kwa sauti ndogo.

"Wifi yangu, mtu ananyolewa ndevu asijue? Ua wangu umebaki kidevu kitupu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeacha. Nakujua. Na kile kilichomo tumboni mwa yule binti ni damu ya kaka yangu."

Mpishi akatazama chini, machozi yakimlenga. "Nipe vipande vya shina lake nikapande na kwangu."

"Kwenye matuta ya daftari?"

"Kabichi nimeshazizika. Nipe, wifi, usinifanye nipige magoti."

Wakapanda pamoja, na katikati wakatia bamia na matembele, mboga zisizogombana na jua.

Wiki sita zilipotimia walikwenda kliniki wote watatu. Mkunga alipima, akapima tena, uso ukamkunjuka.

"Imepanda vizuri. Vidonge umemeza, nakubali, lakini chakula nacho kimesaidia. Mboga umezipata wapi, na sokoni hamna kitu?"

Mkwe akamgeukia mama mkwe wake. Benchi lilijaa wanawake, na wengi walikuwa wamekula kwa mkono wa Mpishi tangu utotoni. Ingekuwa rahisi kusema, "Bustanini kwangu," na asingekuwa amedanganya sana. Mpishi alimshika wifi yake mkono, akamsogeza mbele.

"Kwa huyu," alisema, kila mtu akasikia. "Ni nderema ya ua wa bafu. Miaka mitatu nimeitukana, na ndiyo iliyomlisha mwanangu."

Wifi alivuta kona ya kanga akajifuta uso. Na mwezi wa tisa ulipotimia, mtoto wa kike alizaliwa salama palepale kliniki, mama yake akiwa na nguvu za kumpakata mwenyewe. Hakika, ivushayo ni mbovu.