Wimbo Mmoja wa Manju Nyanzobe

Sogeeni, na anayependa ubishi akae mbele kabisa, maana leo ninamhitaji.

Igongwe palikuwa na manju, kiongozi na mtunzi wa nyimbo za ngoma, jina lake Nyanzobe. Sauti yake iliwanyamazisha wapinzani kabla hawajaingia uwanjani, naye alijijua. Katika miaka tisa ya kuimba hakuwahi kumsifu mtu yeyote isipokuwa Nyanzobe. Karibu naye walikuwapo watu watatu wenye vipaji vyao. Minza, mshonaji wa sare za ngoma, alikuwa na jicho lisilosahau kipimo cha mwili. Luhende, fundi wa maabara ya hospitali, alikuwa na udadisi usiompa raha. Daktari Ng'walu, mpasuaji, alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotetemeka.

Msimu mmoja, akiwa na mimba ya miezi mitatu, Nyanzobe alimpelekea Minza sare yake. Kola ilikuwa inambana.

"Nipanulie kidogo, dada."

Minza alimzungushia futikamba shingoni, kisha akampima mabega. Kola hiyohiyo alikwisha kuipanua mara mbili, na mabega ya Nyanzobe yalikuwa yamepungua.

"Siipanui," akasema. "Mabega yanapungua, shingo inanenepa. Mimi sielewi. Niletee karatasi ya daktari ndipo nishone."

Nyanzobe alifoka, akataja washonaji wengine wanne. Minza akaikalia sare. Aliikalia kwelikweli, juu ya kiti chake, mpaka manju akaondoka kwa hasira kwenda hospitali kutafuta karatasi ya kumwaibisha nayo.

Huko alichomwa sindano shingoni, zikavutwa seli chache, zikapelekwa kwa Luhende. Jibu likawa saratani ya tezi ya shingo. Daktari Ng'walu alimtuliza kwamba aina ile mara nyingi hukua polepole, kwa hiyo wangengoja ajifungue kwanza. Hapo kazi ya Luhende ilikuwa imekwisha. Lakini picha ya mwezi wa nne wa mimba ilionyesha uvimbe umekua, na yeye hakuweza kuliacha jambo hilo. Bila kuagizwa na mtu alizitia rangi seli zilizobaki, akaziweka chini ya hadubini, akaandika majibu kwenye karatasi, kisha akaenda kubisha mlango wa daktari.

"Seli zake zimejaa vipokezi vya estrojeni, ile homoni ya kike," alisema. "Ni kama nyumba yenye milango mingi. Na sasa ana mimba, homoni zimejaa mwilini. Zinaingia humo, uvimbe unapata nguvu."

"Wataalamu hawajakubaliana juu ya hilo, Luhende."

"Hawajakubaliana, daktari, na mimi sina hakika. Lakini umeona uvimbe ulivyokua. Naomba usingoje."

Daktari aliisoma ile karatasi mara mbili, akapanga upasuaji mwezi wa tano, wakati ambao mimba huhimili zaidi.

Alipoifungua shingo, alikuta uvimbe umeukumbatia mshipa wa fahamu unaoendesha sauti. Njia rahisi ilikuwa kuukata. Mgonjwa angepona, akabaki na sauti ya kukwaruza maisha yake yote, na hakuna ambaye angemlaumu mpasuaji. Daktari Ng'walu aliumenya uvimbe kidogo kidogo kwa saa tano, mpaka mshipa ukabaki mzima. Nyanzobe alipozinduka aliomba maji, akaisikia sauti yake mwenyewe, akalia. Miezi minne baadaye alijifungua msichana.

Msimu wa ngoma ukarudi. Daktari alimruhusu kuimba wimbo mmoja tu, shingo isichoshwe. Na desturi ya Igongwe inajulikana: wimbo wa sifa hubeba jina moja, ukibeba mawili ni orodha.

Siku yenyewe wale watatu waliketi mstari wa mbele, kila mmoja kifua mbele.

"Bila ukaidi wangu asingekanyaga hospitali," alisema Minza.

"Angekanyaga, halafu akangojeshwa huku uvimbe unamla," Luhende akajibu.

Daktari alitabasamu. "Hata hivyo angepona. Ila leo mngekuja kumtazama, si kumsikiliza."

Nyanzobe aliyasikia yote, na kwa mara ya kwanza alijivunia watu wengine kuliko alivyojivunia nafsi yake. Aliwapima. Minza alitangulia, lakini hakujua alichokiona. Luhende alijua, wala hakutumwa na mtu, lakini alikiri hana hakika. Daktari alikuwa kazini kama siku zote, lakini alifanya zaidi ya kile ambacho kazi ilimdai. Akafikiria kujisifu mwenyewe kama zamani, akaona haya. Akafikiria kukaa kimya, akaona huo ungekuwa utovu wa shukrani kwa wote watatu.

Ngoma zikapigwa, vumbi likatimka, kisha zikakatika pale manju anapopaswa kutaja jina. Minza alimtazama, Luhende alimtazama, daktari naye alimtazama. Nyanzobe akavuta pumzi, akafumbua kinywa.

Hapo ndipo ninapomwacha. Wimbo anao mmoja, na jina ni moja. Je, kama kinywa kile kingekuwa chako, ungemtaja nani?