Mgeni wa Kinamaji

Nianze?
— Anza!
Mnanisikia hata mlio nyuma?
— Tunakusikia, bibi!

Basi ilikuwa zamani, zamani za mbali, enzi ambazo kila mji ulikuwa na mungu wake, na kila mungu alikuwa na masikio ya namna yake. Mji wa Mwambani ulikuwa na Mama Kiwele, mungu mpole, mpenda maneno matamu. Na mji wa Chumvini, ng'ambo ya uwanda mweupe usioota hata jani, ulikuwa na Kinamaji, mungu wa kisima. Huyo hakujua tamu wala chungu. Neno alilolisikia, alilishika kama lilivyo.

Mwambani aliishi mwanamke jina lake Sikudhani, mwenye mtoto mmoja, Mashavu, binti wa miezi minane. Mtoto akashikwa na homa. Siku ya kwanza homa, siku ya pili homa, siku ya tatu hata kulia hakulia tena. Sikudhani akapiga magoti kwa Mama Kiwele. Mama Kiwele kimya. Wazee wakamwambia, "Maji ya kisima cha Kinamaji huzima homa." Akamwacha mtoto kwa mama mkwe, akatwaa kibuyu, akaenda. Akaenda, akaenda, chumvi ikamkata nyayo, akaenda.

Mlangoni pa hekalu la Kinamaji alimkuta bawabu, kikongwe aitwaye Bi Nyevu.

"Watoka wapi, wewe?"

"Mwambani, bibi yangu. Mimi mjukuu wako nimefikwa na shida."

"Ishia hapo hapo! Mjukuu wangu tangu lini? Nyie wa Mwambani mnazaliwa na kila mtu kwa mdomo." Kikongwe akamshika mkono, akamkazia macho. "Humu ndani ukiulizwa u nani, sema: mgeni. Mgeni, basi. Usiongeze chumvi, tunayo ya kutosha."

Sikudhani akaingia, midomo ikimcheza: mgeni, mgeni, mgeni. Nje jua lilikuwa la utosini, lakini mle ndani baridi ilimpanda mgongoni. Kandokando ya ukuta waliketi wanawake, weupe kwa chumvi tangu nywele hadi nyayo, na macho yao hayakupepesa. Akayaepuka macho yale. Akakifikia kisima, akainama. Hakuona maji, aliona giza.

Ndipo sauti ikapanda kutoka chini, polepole, sauti ya mzee aliyechoka.

"Nani wewe?"

Wanangu, mmelelewa, mnajua. Mzee akikuuliza, goti hujikunja lenyewe. Goti la Sikudhani likakunjwa na desturi, ulimi ukafuata goti.

"Mwanao, baba."

Puu! Mlango ukajifunga. Na wale wanawake wa ukutani, bila kufumbua midomo, wakaimba:

*Mgeni njoo uende,*
*mlango utafunguka;*
*mwana rudi usiende,*
*kwenu hapa umefika.*

"Sivyo, baba!" Sikudhani akalia. "Nilitaka kusema mgeni! Kwetu ni heshima tu, kila mzee twamwambia hivyo!"

"Ulilosema nimelipokea," sauti ikajibu. "Mgeni huondoka. Mwanangu aende wapi?"

Sikudhani akahisi ubaridi kwenye kucha za miguu. Akatazama: chumvi. Ikapanda kisiginoni, ikapanda kwenye kifundo, ikapanda gotini, na kila ilipopita nyama ilikufa ganzi. Akamkumbuka Mashavu, aliyeacha kulia. Akatambua kuwa machozi hayamfai mbele ya asiyejua ila neno.

"Kama mimi ni mwanao," akasema, meno yakigongana, "basi nami nina mwana. Mjukuu wako anaungua kwa homa."

Chumvi ikasimama.

"Nina mjukuu?" Sauti ikafurahi, na furaha ile ilitisha kuliko ghadhabu. "Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike, baba."

"Na huko kwenu, babu humwitaje mjukuu wake wa kike?"

Eeh! Mbona mmenyamaza? Mnajua babu zenu huwaitaje. "Mke wangu, njoo hapa." "Mchumba wangu, niletee maji." Nasi hucheka, maana ni utani. Lakini utani ule ungemfikia nani? Asiyejua utani. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno ya Sikudhani. Akaliuma, akalimeza, akaonja damu.

"Humwita mgeni, baba. Mtoto akizaliwa, majirani husema: nyumba ile imepata mgeni."

Na hakusema uongo.

Kisima kikalishika neno lile kama lilivyo. Kisha maji yakapanda hadi ukingoni.

"Chota. Nenda ukamhudumie mgeni wangu. Siku atakapokuaga, rudi kwa baba yako."

Chumvi ikamwanguka miguuni, mlango ukafunguka. Sikudhani akachota, akakimbia. Mashavu akanywa, akalia, akaomba ziwa, akapona. Akatambaa, akatembea, akasema. Na neno la kwanza alilokatazwa ni kwaheri. Akienda kuteka maji, husema, "Nipo, mama." Akienda kucheza, "Nipo, mama." Miaka ikapita hivyo, na mama hakulala usingizi kamili.

Ikafika siku ya harusi. Bwana harusi alitoka mji wa mbali, na jamaa zake hawakuijua habari hii. Ngoma zikalia, wakapiga kelele, "Bibi harusi, muage mama yako!" Mashavu alikuwa akilia, akili haipo. Akageuka, akafumbua kinywa.

"Mama, kwa—"

Sikudhani akamrukia, akamziba mdomo kwa kiganja. Ngoma zikanyamaza. Watu wakaiona miguu ya yule mama ikigeuka myeupe, kucha, kisigino, kifundo. Chini ya kiganja midomo ikatetemeka.

"Nipo, mama. Nipo!"

"Nami nipo, mwanangu."

Chumvi ikapukutika sakafuni.

Ndiyo maana hadi leo Mwambani hakuna binti amuagaye mama yake. Nanyi mkiingia nyumba ya mungu wa watu, mpeni heshima yake yote, lakini msimpe ukoo wenu.

Kisa kimekoma, koo limenikauka. Chema chake kibebeni, cha kutisha kiacheni hapa kwangu. Inukeni sasa, mwende zenu. Na asiniage mtu.