Mafuta ya Cherehani

Uvumi ulianzia kwa msusi wa nyumba ya tatu, ukamfuata Mama Cherehani hadi kitandani.

"Shoga yangu, wanasema binti yako biti zinamtoka, vile vyuma vya kutobolea," alisema msusi, kichana kikiwa mdomoni. "Eti drili inaingia ukutani na biti, inarudi tupu. Wanasema mkono wa kike hauwezi kukaza. Mimi sijasema, nimesikia tu."

Mama Cherehani alicheka kwa meno, moyo ukilia. Maneno yale yakamganda kama kupe. Mchana ule alishona suruali ya mteja, akaunganisha mguu wa kulia na wa kushoto, ikawa gunia.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii Mama Cherehani aliijua tangu darasa la nne, tena aliiandika ubaoni kwa mwandiko uliosifiwa. Maana yake ni kwamba mtu akificha ugonjwa, ugonjwa wenyewe utakuja kumtangaza, na siku hiyo dawa itakuwa imechelewa. Si mwili peke yake unaougua. Chombo huugua, kazi huugua. Lakini kuiandika methali ni kitu kimoja, na kuishi nayo ni kitu kingine.

Binti yake aliitwa Sindano, kwa wembamba wake na kwa macho yake yasiyokosa kitu. Alikuwa amechukuliwa na mafundi kwa majaribio ya mwezi mmoja. Kazi yao ilikuwa kufunga vyuma vya kushikia, vingine ukutani na vingine darini, katika ukumbi mrefu wa zahanati, mahali ambapo wagonjwa waliovunjika miguu hujifunza kutembea upya. Mwezi ungekwisha Ijumaa. Siku hiyo msimamizi wao angetamka kama Sindano atabaki au atakwenda zake. Msimamizi huyo waliyemwita Bwana Pima alikuwa mtu wa kupima kila kitu; mafundi walisema hata kivuli chake hukipima kabla hajakikanyaga.

Alhamisi alasiri Sindano alirudi nyumbani amekunja uso. Aliketi barazani karibu na cherehani, drili ya betri mapajani.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Haishiki, mama. Naweka biti, nakaza. Ikigusa tu ukuta, drili inazunguka na biti imesimama, kama mgeni aliyegoma kucheza ngoma."

"Umemwambia mkubwa wako?"

"Kesho nitamwambia."

"Thubutu!" Mama aliacha mkasi. "Watu wanakungoja uteleze, na wewe unawamwagia sabuni? Zungushia utepe mkiani mwa biti inenepe, itashika. Nani atajua?"

Mama ni mama. Sindano akazungusha utepe, akakaza, akashindilia drili kwenye kipande cha ubao. Biti iliyumba kama mlevi mteremkoni. Mara, pa! Ikakatika. Kipande kikapita karibu na shavu la mama, kikajichoma kwenye mto wa pini juu ya cherehani, kikasimama wima kati ya pini nyingine.

Walitazamana. Sindano ndiye aliyeanza kusema, sauti ikiwa ya chini.

"Ule ni mto wa pini, mama. Ungekuwa jicho lako? Na mgonjwa akija kuegemea chuma nilichokifunga kwa ujanja kama huu, nitamwambia nini?"

Mama aliuokota mkasi wake, akili ikiwa kwenye jambo jingine. Jumamosi iliyopita, alipokuwa akiitia mafuta cherehani yake kama ilivyo desturi yake, aliiona drili ya binti yake mezani, mdomo wazi, imekauka. Akaihurumia. Akaibinua, akaidondoshea mdomoni matone ya mafuta, moja baada ya jingine, mpaka roho yake ikaridhika. Hakumwuliza mtu. Sasa wazo likampitia: je, si mimi niliyeiua? Akalimeza kama kidonge kichungu, akasema, "Nenda ukaoge, mwanangu."

Ijumaa asubuhi Sindano aliondoka akasahau miwani ya kukingia macho. Mama aliichukua na kumfuata mbio hadi zahanati. Alipofika mlangoni mwa ukumbi alisita, maana binti yake alikuwa amesimama mbele ya mafundi wote.

"Bwana mkubwa," Sindano alisema, "drili yangu haishiki biti. Vyuma nilivyofunga tangu Jumatatu naomba vikaguliwe upya. Na hivi vilivyobaki sitavifunga mpaka nijue kasoro iko wapi."

Fundi mmoja mwenye tumbo alitoa kicheko. "Labda kisichoshika si drili, ni mikono!"

"Basi nipe drili yako mikono hii iijaribu," Sindano alimjibu. Wenzake wakamzomea yule mwenye tumbo.

Bwana Pima hakucheka. Alitazama saa. "Una saa moja. Chombo ni chako, kiulize kitakujibu."

Mama alisimama pale mlangoni, miwani mkononi, akimwona mwanawe kana kwamba hajawahi kumwona. Sindano hakuwa na papara. Kwanza alichomoa betri, mdomo wa drili usije ukazunguka vidole vyake vikiwa ndani. Akaazima biti mpya ya fundi aliyesimama karibu naye, akaikaza, akaizungusha kwa koleo: ikateleza. "Basi si biti zangu." Akachungulia kama biti imekaa katikati ya taya tatu zinazoibana ndani ya mdomo, au imebanwa na mbili tu ikaenda kombo. Ilikuwa katikati. Akaikaza tena kwa mkono shingo ya drili, ile inayozungushwa kufunga taya, sikio karibu, akingoja ile sauti ya ta-ta-ta inayosema nimefunga. Haikuja. Shingo ilikwama njiani.

Ndipo alipofungua taya hadi mwisho, akamulika ndani kwa tochi.

"Ooh," alisema. "Njooni muone."

Ndani hapakuonekana chuma. Palijaa tope la kijivu, vumbi la saruji lililokandwa na mafuta hadi likawa kama udongo wa mfinyanzi. Taya zilizama humo kama miguu ya ng'ombe matopeni.

"Vumbi hili ni la dari," Sindano alisema. "Nikitoboa juu linanidondokea humu. Lakini vumbi peke yake ningelipuliza likatoka. Mafuta haya yametoka wapi? Mimi sijatia."

Mafundi walitazamana. Mama Cherehani alitazama mlango. Ulikuwa wazi, na hakuna aliyekuwa amemwona. Angeweza kuiweka miwani chini na kuondoka, na siri ikabaki yake. Lakini akakumbuka kile kipande kwenye mto wa pini.

"Ni mimi," alisema. Wote wakageuka. "Nilidhani ni kama cherehani. Nilitia mengi. Jana nilijishuku, nikanyamaza. Mkono wa mwanangu hauna kosa."

Fundi mwenye tumbo akajifanya anatafuta nyundo yake.

"Ahsante, mama," alisema Bwana Pima. "Umetuokolea nusu saa."

Sindano hakumlaumu mama yake hata kwa jicho. Aliomba mswaki mkuukuu, akasugua taya, akaibinua drili na kuigonga taratibu kwa kiganja, tope likadondoka. Akafuta kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, akafungua na kufunga, akafungua na kufunga, mpaka taya zikaenda na kurudi bila kukwama. Akakausha. Akaingiza biti, akakaza.

Ta-ta-ta.

Drili ilipoingia ukutani iliimba sauti moja, na iliporudi, biti ilikuwa mahali pake, imeng'ang'ana kama mtoto mgongoni kwa mamaye. Kufikia alasiri Sindano alikuwa amevikagua vyuma vya nyuma, akavifungua viwili na kuvifunga upya. Bwana Pima alivishika kimoja kimoja, akaning'inia kwa uzito wake wote, miguu hewani, mafundi wakimhesabia.

"Mafundi wa kutoboa ninao wengi," alisema aliposhuka. "Wa kuniambia kazi yake ina kasoro kabla sijaiona, sikuwa naye. Jumatatu njoo saa moja kamili."

Mama Cherehani alipitia kwa msusi akiwa bado na vumbi kwenye kanga. "Ule uvumi wako," alisema, "nimekuletea mwisho wake. Aliyeharibu drili ni mimi. Hayo uyatangaze pia."

Wewe mwenye mtoto fundi, epuka haya:

Usitie mafuta chombo usichokijua. Uliza kwanza.

Usizungushie biti utepe, karatasi wala uzi.

Usiingize vidole kwenye mdomo wa drili betri ikiwa ndani.

Usikaze biti iliyokaa kombo, wala usitoboe kabla hujaisikia imefunga.

Usitoboe dari siku nzima ukaiweka drili bila kukung'uta vumbi.

Usipeleke maneno ya msusi kwa mwanao kabla hujamsikiliza mwanao.

Na usimfundishe mtoto kuficha kasoro ili asichekwe. Kuchekwa hupita. Mficha maradhi kifo humuumbua.