Maswali Mbele ya Mama Mkwe

“Mgonjwa hutaja yote, mzima hutaja yanayomfaa.” Mmeisikia leo, mnaniuliza imetoka wapi? Wajukuu zangu, mimi nilikuwepo, na hadi leo nikiikumbuka nasisimka! Ilianza hivi.

Nilikuwa muuguzi katika hospitali moja ya Upareni. Daktari Mbazi alitaka kujua kama kutoa mimba huleta saratani ya matiti, akanituma niwaulize wanawake mia moja wagonjwa na mia moja wazima. Wagonjwa niliwauliza wodini, pazia limefungwa. Wazima niliwafuata majumbani. Lo, majibu! Kati ya wagonjwa, waliowahi kutoa mimba walikuwa thelathini; kati ya wazima, kumi tu. Kabla hatujapumua, habari ilishapanda milima yote.

Ikamfikia Kiondo, mume wa Naelijwa na baba wa mtoto wao Mbonea. Naelijwa alikuwa anasubiri kupasuliwa titi, na siku hizo hospitali yetu ilitaka saini ya mume. Kiondo akaingia wodini anafoka.

“Alitoa mimba usichanani, amejitakia! Sitii saini. Namrudisha kwao.”

Naelijwa akanishika mkono. “Sista, hao wazima uliwauliza wapi?”

“Nyumbani kwao.”

“Nani alikuwa amekaa nanyi?”

“Unajua kwetu mgeni haachwi peke yake. Mama mkwe alikuwepo, kila nyumba.”

“Sasa mbele ya mama mkwe, nani angekwambia ukweli? Hata mimi ningekataa!”

Alisema kweli! Nilikimbia hadi stoo kwenye kadi za zamani za kliniki ya wajawazito. Mkunga wetu aliziandika miaka mingi nyuma, akimuuliza mama mmoja mmoja mimba zake zote, hata alizotoa, mlango umefungwa, kabla hata mmoja wao hajaugua. Mimi na daktari tukazitafuta kadi za wale mia mbili, tukahesabu waliowahi kutoa mimba. Wagonjwa thelathini. Wazima ishirini na tisa!

“Wako sawa!” daktari akapiga meza. “Tumemsingizia mwanamke wa watu!”

Tukarudi wodini mbio, tukamwonyesha Kiondo hesabu, tukamwambia kosa ni letu na mkewe hakujiletea ugonjwa. Kiondo akaishika kalamu, akasita.

“Lakini mbona wale wazima walisema hawajawahi?”

Naelijwa ndiye aliyemjibu, amekaa wima kitandani.

“Baba Mbonea, mgonjwa hutaja yote, mzima hutaja yanayomfaa. Tia saini.”

Akatia.