Lori la Marehemu na Ng'ombe wa Bibi Otavina

Hapo zamani, lakini si zamani ya kusahau majina, huko Itamba kwenye baridi na viazi, walikuwepo ndugu watatu walioachiwa na baba yao lori moja. Ndugu watatu, lori moja. Mmeshaanza kuona tabu ilipo.

Lori lenyewe lilikuwa zee na zito, la gia za kizamani. Magari ya siku hizi unakanyaga klachi mara moja, gia inaingia. Lile halikutaka hivyo. Ulikanyaga klachi ukatoa gia, ukaachia, ukakanyaga mafuta kidogo, ukakanyaga klachi tena, ndipo gia ikakubali. Ukikosea linanguruma na kukukatalia. Tena gia ya pili ilikuwa na ugonjwa wa kuchomoka yenyewe mteremkoni, na breki zake zilikuwa za kuombea. Lakini wakati wa tope hakuna kingine kilichoweza kutoa viazi Itamba, kwa hiyo walilipenda.

Kaka mkubwa, Lwidiko, ndiye aliyeshika usukani. Alikuwa na kipande cha mpira wa tyubu. Alikifunga kwenye mkono wa gia, akakivuta mpaka kwenye msumari chini ya kiti, na gia ya pili ikatulia mahali pake. Kila aliposhuka alikifungua akakitia mfukoni. Akiulizwa, alisema ni cha kufungia chakula chake. Chakula gani? Alimshuku mdogo wake, kwamba akiijua siri ile atamnyang'anya kiti.

Mdogo wake huyo, Chesko, alikuwa utingo. Pale juu ya mteremko wa Lihanje lori lilisimama kila safari. Utingo alishuka na gogo, akatembea kando ya tairi mpaka kwenye daraja la kule chini, tayari kulisukumia chini ya tairi gari likianza kukimbia. Hiyo ilikuwa desturi ya mteremko ule, na aliyeivunja alisemwa hata kanisani. Chesko hakuivunja. Ila kwenye tambarare, akiketi pembeni ya kaka yake, macho yake yalikuwa kwenye miguu ya Lwidiko. Alimshuku. Alisema moyoni, "Hiyo klachi ya mara mbili ni mbwembwe. Anataka kazi ionekane ngumu ili asitoke kitini."

Na dada yao wa katikati, Sekela, ndiye mwenye shamba. Yeye alimshuku Chesko. Mchumba wa Chesko alikaa ng'ambo ya daraja, kwao hawakulima hata shina moja la kiazi, lakini kila ukipita jikoni kwao viazi vinachemka. Vimetoka wapi?

Basi siku moja mawingu yakajikusanya. Viazi vimeshachimbwa, vimo kwenye magunia, na mvua ikivikuta shambani vinaoza. Asubuhi hiyo hiyo Lwidiko akaumwa jino, akaenda zahanati, mpira mfukoni.

"Chesko, endesha wewe," Sekela akasema.

"Na gogo, dada?"

"Nitashika mimi."

Wakapakia, wakafika juu ya Lihanje, lori likasimama. Sekela akashuka na gogo lake. Akatazama darajani, akatazama paa la yule mchumba. Akafikiri, "Nikitembea, huyu akifika chini ataniacha nyuma na kupunguza gunia." Akapanda juu ya magunia, gogo mapajani, macho kwenye mzigo. Chesko hakumwona. Akatia gia ya pili, lori likaanza kushuka.

Katikati ya mteremko gia ikachomoka. Chesko akakanyaga klachi mara moja, akasukuma. Likanguruma, likakataa. Akakanyaga mara moja tena. Likakataa. Akakanyaga breki mpaka chini, hazikuitika. Akapiga kelele, "Dada, gogo." Dada yuko juu, amelikumbatia. Lori likaacha barabara, likavunja zizi la jirani yao, Bibi Otavina, likasimama juu ya ng'ombe wake.

Watu hawakuumia, ng'ombe akafa. Na ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa akimlisha mjukuu wa Bibi Otavina, mtoto mchanga aliyefiwa na mama siku aliyozaliwa. Hapa, nawaambia kweli, moyo wangu unauma.

Itamba, aliyeua ng'ombe hutoa ng'ombe, tena anayekamuliwa, siku hiyo hiyo. Na kila mmoja wa ndugu wale alikuwa na ng'ombe mmoja tu.

Lwidiko akarudi, shavu limevimba. Akasema, "Mimi sikuwepo. Mtu hawezi kuua akiwa zahanati. Atoe aliyeshika usukani."

Chesko akasema, "Kaka, ulituficha mpira. Leo nimeuona msumari chini ya kiti, nikaelewa. Ungeniambia ni wa nini, gia isingechomoka. Na gogo lingekuwa chini, gari lingesimama. Mimi nilikanyaga nilivyoweza."

"Ulikanyaga ulivyotaka," Lwidiko akamjibu. "Umeniona nikikanyaga mara mbili tangu hujaota ndevu."

Sekela akasema, "Mimi nilipanda juu kwa sababu mwizi ndiye dereva. Angekuwa mwaminifu, ningetembea."

"Umewahi kunikamata na hata kiazi kimoja?" Chesko akauliza. Sekela akatikisa kichwa. Lakini naye Chesko hakusema kwamba hajawahi kuchukua. Mimi nililisikia hilo.

Bibi Otavina akaja na mtoto begani. Akasema, "Wanangu, sikuja kuuliza nani mwongo. Mtoto anataka maziwa."

Wakaona haya. Lwidiko akasema, "Natoa wangu, ninyi mtanilipa fungu lenu." Wakaapa. Akawatazama usoni, hakuwaamini, akarudi kufunga zizi. Chesko naye akasema vivyo hivyo. Wakaapa, akawatazama, akafunga. Sekela hata hakungoja kiapo, akafunga lake. Basi wakasimama watatu, kila mtu mgongo kwenye mlango wa zizi lake, na ng'ombe wanalia ndani kwa viwele kujaa, na mtoto analia nje mpaka sauti inakauka.

Sasa msitazamane. Najua kila mmoja wenu anangoja mwenzake aanze, apate kujua huyo ana lipi la kuficha. Yuko aliyeficha mpira, yuko aliyedharau klachi, yuko aliyepanda juu na gogo. Mtoto bado hajanywa. Je, ng'ombe wa nani atoke zizini?